Paa la Ndahiro

Alasiri, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, fundi cherehani Kaltumu alimwongoza daktari wa mifugo, Umuhire, hadi nyuma ya nyumba yake huko Mbugangari. Ng'ombe aliyemnunua asubuhi kwa Ndahiro, akisifiwa kwa upole wake, alikuwa amelala chini, ulimi nje. Ubavu wake ulipanda, ukashuka, kisha ukatulia muda mrefu mno.

"Dogiteri, ilikuja na heshima kama bibi-arusi," alisema Kaltumu. "Nikafikiri ni tabia yake."

"Ni dawa, mama."

Dawa ile ya kutuliza, alieleza Umuhire, hushika vipokezi vya adrenalini katika ubongo, na ubongo ukalegea katika kuyahimiza mapafu. Ng'ombe hutosheka na kiasi kidogo sana. Huyu alikuwa amepewa kipimo cha farasi.

Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyemdunga. Pumzi ambazo mnyama amezuiwa kuzivuta haziendi mbali. Hukusanyika kwa aliyezizuia. Ng'ambo ya barabara, mabati ya Ndahiro yalikuwa yakipanda na kushuka taratibu, na majirani walikwisha kuanua nguo zao kwenye kamba iliyofungwa ukingoni mwa paa hilo. Mwenyewe alikuwa juu, akigongomea misumari.

"Ndahiro, paa yako iko inapumua!" Kaltumu alipaza sauti.

"Ni upepo ya ziwa tu, mama."

"Upepo ya ziwa inanuka majani yenye ngombe imetafuna?"

"Bon, we ulitaka ngombe ya kutulia. Si imetulia?"

Umuhire alikuwa amebakiwa na kichupa kimoja cha dawa ya kinyume, ile inayoingia katika vipokezi hivyo na kuiondoa ya kwanza. Akaidunga polepole, akaweka kiganja ubavuni, akangoja. Ubavu haukupanda. Kaltumu aliuvua utepe shingoni akaukunja ngumini.

Ndipo mabati yalipovimba. Pumzi zote zikatoka kwa pamoja, zikavuka barabara zikiwa na joto la zizi, zikawavua kofia waendesha pikipiki, zikaingia puani mwa ng'ombe. Paa likang'oka zima na kutua katika shamba la viazi la jirani, Ndahiro akiwa bado amekaa juu yake, nyundo mkononi. Ng'ombe akavuta hewa hadi mbavu zikalia. Akasimama kwa miguu yote minne, akapiga teke ndoo, akapiga teke mlango, akamtazama Umuhire kwa hasira safi kabisa.

"Piga, mama, piga!" Kaltumu akampigia ng'ombe vigelegele, na mtaa mzima ukamwitikia. "Iko mubaya, lakini iko muzima!"

Ndahiro alishuka, akajipangusa udongo wa viazi. Alinunua mabati mapya na misumari mirefu zaidi.

Siku ya soko iliyofuata, paa jipya lilianza kupanda na kushuka. Umuhire alilitazama kidogo, akajaza bomba la sindano dawa mpya ya kinyume, akaanza kubisha mlango baada ya mlango akiuliza ni nani aliyenunua ng'ombe mpole.