Kapsuli Kumi na Mbili Kwenye Kopo la Vifungo

Mama Vipande hakupachikwa jina hilo bure. Alikuwa fundi cherehani, na katika chumba chake cha kazi kitambaa hakikutupwa, hata kiwe kidogo kama cha kufutia miwani. Hariri iliyobaki ilikaa kwenye gunia, pamba kwenye sanduku, na nyuzi fupi alizizungusha kwenye kipande cha boksi. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Na tusimcheke mapema, maana wateja wangapi walikuja wanalia na gauni lililochanika, naye akachomoa kiraka cha kitambaa kilekile cha miaka sita nyuma? Tutamcheka baadaye, wakati wake utafika.

Kosa lake lilikuwa kubana mkojo. Choo kilikuwa nyuma ya jengo: ufunge mlango, ukaombe ufunguo kwa kinyozi, kisha upange foleni na wauza viatu. Nani aache cherehani kwa safari hiyo? Basi akawa hanywi maji tangu asubuhi, na akibanwa, anakaza miguu na kuendelea kushona. Mwezi huo tabia hiyo ilizidi, kwa sababu gauni lililokuwa mezani lilikuwa la bintiye mwenyewe, anayeolewa Jumamosi.

Ijumaa, siku nane kabla ya harusi, kibofu kikasema yatosha. Mkojo ukamchoma hadi machozi. Kila dakika kumi anataka kwenda, akienda ni matone. Aliyemburuta kliniki alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Wifi alipiga pasi, akashona vifungo na kukunja pindo. Gauni la harusi hakuruhusiwa hata kulisogelea.

"Mkono wako mzito, wifi," Mama Vipande humwambia.

"Mzito, lakini ndio uliokupokea siku unaletwa kwetu."

Kliniki mkojo ulipimwa, yakaonekana maambukizi. Mfamasia akaweka dawa mbili mezani. "Mama, nisikilize vizuri. Hivi vidonge sita vya rangi ya chungwa ni vya kutuliza maumivu tu. Kimoja mara tatu kwa siku, baada ya kula, siku mbili basi. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke, ila utatia nguo doa. Na hizi kapsuli kumi na nne ndizo zinazoua vijidudu. Asubuhi na jioni, siku saba, umalize hata ukijisikia mzima."

"Ndiyo, ndiyo," aliitikia Mama Vipande, huku akili iko kwenye mikono ya gauni. Neno moja tu ndilo lililomwingia sawasawa: doa. Njia nzima alifikiria hariri nyeupe.

Siku hiyo alimeza kapsuli mbili na vidonge viwili vya chungwa. Jumamosi akaamka hana maumivu hata chembe. Akazitazama zile kapsuli kumi na mbili zilizobaki, nzima, zinang'aa. Dawa nzuri hivi, na mimi nimeshapona? Kutupa hakuwezi. Kula kitu kisichohitajika nako ni ufujaji. Akazichomoa kwenye karatasi yake moja moja, akazitia kwenye kopo la vifungo, akafunga kifuniko. Huyo ndiye fundi wetu.

Vile vya chungwa hakuviweka akiba, kwa sababu alivipenda. Mkojo ukianza tena kuchoma anameza kimoja, kunatulia, anarudi kushona. Kimoja Jumamosi, kimoja Jumapili, kimoja Jumatatu. Cha mwisho Jumanne.

Jumatano mchana, jua la kuchoma nje, Mama Vipande alikuwa anatetemeka. Mgongo ulimuuma upande mmoja, chini ya mbavu. Mikono ya gauni ilikuwa bado imepigwa bandi tu, ule ushonaji wa muda wa nyuzi ndefu, unaoshika kitambaa kikingojea mashine. Alijaribu kutunga uzi, sindano ikamchoma kidole. Akarusha mkono mbali na hariri, damu ikadondoka sakafuni. Hapo akaogopa kweli.

Wifi hakuona. Alikuwa ameinamia kopo, anatafuta kifungo cha lulu.

"Wifi, hivi ni vifungo vya aina gani?"

Mama Vipande akajifanya anatunga uzi.

"Nakuuliza wewe! Dawa zinafanya nini humu?"

"Akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya siku nikiugua tena."

"Na huko kutetemeka ni nini, unacheza ngoma?" Wifi alimgusa shingo, akauondoa mkono haraka. "Mungu wangu, unaungua! Mficha maradhi kifo humuumbua, mama! Unataka mtoto Jumamosi avae nyeusi?"

"Nikienda huko, mikono ya gauni nani atashona?"

"Mikono! Kaka yangu nikamwambie mkewe amekufa kwa ajili ya mikono?" Wifi akafunga kopo kwa kishindo. Alikuwa analia, yeye ambaye hata kitunguu hakimlizi. Mama Vipande akasimama, akajifunga mtandio.

Kliniki, daktari alimgonga kidogo mgongoni, naye akaruka. "Maambukizi yanapanda kwenye figo," daktari alisema, wifi akiwa ameshamweleza habari za harusi. "Mngengoja mpaka harusi ipite, tungezungumza mengine."

"Lakini daktari, maumivu si yaliisha?"

"Vidonge vya chungwa viliyanyamazisha. Ugonjwa wenyewe havikuugusa. Ndiyo maana tunavitoa kwa siku mbili tu, ili dawa yenyewe ipate muda wa kufanya kazi. Wewe dawa yenyewe umeiweka wapi?"

Mama Vipande aliona haya kutaja kopo. "Kumbe ile ilikuwa bandi tu," alisema polepole. "Mashine sikupiga." Daktari hakuelewa. Wifi alielewa, akamshika bega.

Alichomwa sindano, akapewa dozi mpya ya siku kumi. Anywe maji, apumzike. Akitapika, au homa isiposhuka kwa siku mbili, arudi mbio. Na zile za kwenye kopo azirudishe kwa mfamasia, hazina kazi tena.

Alhamisi alilazwa kwenye godoro pale kwenye chumba cha kazi, jagi la maji karibu na kichwa chake. Akalitazama gauni muda mrefu. Kisha akasema, na Mungu anajua lilivyomtoka kwa taabu: "Wifi, kaa kwenye mashine."

"Mimi? Na huu mkono mzito?"

"Kaa kabla sijabadili mawazo."

Wifi alishona mkono wa kwanza amebana pumzi. Mama Vipande aliuomba, akaugeuza ndani nje, akaukagua mshono wote. Alitafuta kosa kwa moyo wake wote, hakulipata. "Miaka kumi na moja," akasema, "nimekupa vifungo tu. Nisamehe." Kufikia Ijumaa homa ilikuwa imeshuka.

Jumamosi asubuhi bibi harusi alisimama katikati ya chumba, na mama yake akapiga magoti kuchomoa nyuzi za bandi zilizobaki kwenye pindo. Gari likapiga honi nje. Papo hapo simu ya Mama Vipande ikalia saa ya dawa. Wiki moja nyuma angeizima.

"Mama, tumechelewa!"

"Mwanangu, bwana harusi atangoja. Hii haingoji." Akajiinua, akameza kapsuli, akanywa bilauri nzima ya maji mpaka tone la mwisho, harusi nzima ikimsubiri. Kisha akamtazama bintiye kuanzia shela hadi viatu, akiwa mzima na macho makavu. Aliyelia ni wifi, mara ya pili wiki hiyo.

Siku ya kumi ilipotimia, alimwita wifi na kumwonyesha karatasi ya dawa, matundu yote yamepasuliwa.

"Kimebaki kipande?" wifi aliuliza.

"Hakuna."

Wakacheka mpaka kinyozi akachungulia mlangoni kujua kulikoni. Mama Vipande akaitupa karatasi kwenye pipa la taka, kisha akamwomba kinyozi ufunguo wa choo.