Vidole vya Fundi Aliyepunguzwa Tumbo

Nawaandikia wenzangu mnaouguza watoto waliopunguzwa tumbo hospitalini. Nimesoma shule ya msingi tu, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Binti yangu ni fundi cherehani. Zamani alikuwa mnene hata kiti chake kilichomelewa na fundi wa mageti ya chuma. Akapasuliwa, tumbo likaachwa dogo kama ngumi ya mtoto. Daktari akamwambia mbele yangu: kula kidogo kidogo, nyama au yai kwanza, maji usinywe pamoja na chakula, na vidonge vya vitamini ni vya maisha. Alisema maisha. Hakusema mpaka upendeze.

Akawa anakula kwenye kisahani cha kikombe. Sisi tunamaliza, tunaosha vyombo, tunafuta meza, yeye bado anatafuna. Siku moja alikunywa soda ya mteja. Sukari haikupatana na tumbo lile: moyo ukamwenda mbio, jasho likamtiririka, akajilaza chini ya meza ya kukatia nguo. Mteja mwingine akaingia, akaona hakuna mtu, akajipima kiuno mwenyewe akaondoka.

Hayo tuliyazoea. Miaka ikapita, akapendeza, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Shangazi yake alikuja kututembelea, akaona kopo la vidonge.

"Wifi, mtoto mzuri hivi bado unamlisha dawa? Mchumba akiziona je?"

"Atajua ana vitamini," nikasema.

Lakini binti alishasikia. Kesho yake kopo likahamia kabatini, nyuma ya taulo, naye akaacha kumeza.

"Mama, mimi nimepona."

"Hukuwa unaumwa. Ulikuwa mnene."

"Basi nimepona unene."

Sasa wenzangu, jambo baya ni kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi, mwaka, yuko vizuri, anacheka, anashona. Mimi nikiuliza vidonge naambiwa nina wasiwasi. Ninao, ndiyo.

Halafu akaanza kulalamika ganzi vidoleni. Akasema ni cherehani inatetemeka. Tukaita fundi wa kutengeneza cherehani, akaipaka mafuta.

Siku ile alikuwa anapinda gauni la bibi harusi, jeupe kabisa. Nikampelekea yai lake. Nikaona pindoni vidoa vyekundu, vimepangana vizuri tu.

"Umetia nakshi?"

"Nakshi gani?"

Tukaangalia wote. Sindano ya cherehani ilikuwa imempitia kidoleni, naye alikuwa anaendelea kukanyaga.

"Ajabu," akasema. "Sijasikia kitu."

Shangazi yake alipopigiwa simu alisema mtoto ni jasiri. Bibi harusi alisema hakuagiza maua.

Hospitali wakampima damu. Daktari akasema kuna vitamini moja yenye namba kwenye jina lake imekwisha mwilini, na ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu. Tumbo lile dogo haliwezi tena kuitoa kwenye chakula ipasavyo, hata ukila maini kila siku. Sasa anachomwa sindano zake, na vidonge vimerudi mezani, karibu na chumvi.

"Vidole vitarudi, daktari?" nikauliza. "Huyu ni fundi, anakula kwa vidole."

"Vingine vitarudi. Vingine sijui. Mlichelewa kuja."

Kwa hiyo wenzangu, mtoto akipendeza msimwachie. Na ganzi si ya kupakwa mafuta.

Siku hizi anashona mapazia na mashuka, mishono iliyonyooka. Vifungo na nguo za harusi anawapa mafundi wengine. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anafumba macho, nami namgusa vidole kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja.

Leo nimeanza na gumba.

"Mama, unaniumiza."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikaenda cha shahada, nikabonyeza. Akabaki macho kayafumba, kama anasubiri kunyolewa.

"Haya, gusa basi," akasema. "Nachelewa kufungua."

Nilikuwa nimeshagusa.