Kichupa cha Mdogo Wangu

Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa kufungia vitu. Sukari alifungia, vikombe vya harusi alifungia, na lau ulimi ungekuwa na kufuli, mashoga zake wangemnunulia. Kwa hiyo siku mdogo wake alipotoka gerezani na kichupa cha dawa ya kupuliza puani, kilikwenda moja kwa moja kabatini, ufunguo ukatiwa kifuani.

Muuguzi wa gereza aliwaeleza wote wawili pale getini. Mwili uliokaa muda mrefu bila unga wa kulevya umeshasahau ukali wake. Akirudia kipimo cha zamani, pumzi itakatika. Hapo mtu mwingine ampulizie dawa upesi na kuita gari la wagonjwa, maana mwenyewe hatajiweza. Fundi aliitikia kila neno. Alimpenda yule kijana kama mboni ya jicho, ila macho ya majirani nayo aliyaogopa.

Kijana akashika pasi dukani, akawa ananyoosha nguo na kupiga soga, wateja hoi kwa kicheko. Basi mchana mmoja fundi akaingia kutoka uani, akamkuta chali juu ya marobota ya vitambaa, mdomo wazi. Akamwita, kimya. Akamtikisa, wapi! Akapapasa kifuani: ufunguo hakuna, ameuacha kwenye gauni la jana. Hakungoja. Alinyakua pasi, akaibamiza kwenye kioo cha kabati, na vikombe vya harusi vikaenda na maji.

"Dada," ikasema sauti nzito ya usingizi nyuma yake, "kabati limekukosea nini?"

Fundi akaketi sakafuni, akacheka huku analia. Alimwambia wazi kwamba alidhani ameshampoteza. Kisha akapigilia msumari ukutani, juu kando ya mlango, akatundika kichupa ndani ya kifuko chekundu, akamwita mshona viatu wa jirani aje afundishwe kukitumia.

Mdogo wake akainamisha kichwa, akanong'ona kwamba sasa mtaa mzima utajua.

"Wajue," dada akasema. "Siku nikiwa sokoni, nani atakurudishia pumzi? Kabati?"

Mshona viatu, mfupi wa kimo, alikuwa akijinyoosha kwa ncha za vidole na kifuko hakifikii. Kijana akamtazama kitambo. Akachukua nyundo, akaung'oa msumari, akaupigilia chini zaidi, usawa wa mkono wa jirani.

"Jaribu sasa, kaka," akamwambia, akapanda juu ya meza ya kukatia nguo, akajilaza chali ili wajifunzie kwake.