Bokoboko Bila Samli

Siku ya tisa Mzee Hamoud aliposukuma bakuli la uji, Tufaha aliona kama mauti yamekwisha kuvua viatu mlangoni. Baba yake alikuwa ametoka hospitali na onyo moja: moyo umechoka, samli basi. Sasa mtu aliyekula bokoboko kila Ijumaa ya maisha yake, ngano na nyama zilizopondwa zikawa kitu kimoja, na kidimbwi cha samli katikati, utamlisha nini?

"Mpikie hiyohiyo bokoboko," alisema Siwema, jirani yake wa hapo mtaani Ng'ambo. "Ila tia kuku badala ya ng'ombe, na katikati umimine asali. Nimeletewa ya kijijini kwetu Ipole."

"Atajua tu, Siwema. Asiponusa samli hali."

"Basi ipake juu ya kifuniko, makaa yaichome. Baba yako anakula kwa pua kwanza, tumbo linafuata." Siwema hakuwa na adabu hata mbele ya ugonjwa, na Tufaha alimpenda kwa hilo.

Ngano aliipangia foleni kwenye duka la ujamaa, palepale palipokuwa duka la baba yake mpaka mwaka juzi. Akairoweka, akaipika na kuku asiye na ngozi, akapalia makaa chini na juu. Samli ya kifuniko ikanukia nyumba nzima. Alipofunua, moyo ukamwanguka: punje zilikuwa bado zinaonekana moja moja. Kumbe samli ndiyo iliyokuwa ikimsaidia kulainisha miaka yote, naye akijiona fundi!

Akashika mwiko, akaanza kupiga. Alipiga mpaka mabega yakafa ganzi, na mkono ukawa unakwenda wenyewe. Jua la alasiri lilipenya dirishani, moshi wa makaa ya miombo ukaning'inia humo bila haraka. Ndani ya moshi aliwaona wapagazi wakipita, wa zamani wale, mizigo vichwani, kutoka pwani kwenda Ujiji, wakikanyaga kwa mapigo ya mwiko wake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nyuma yao alikuja marehemu mama yake, mikono imejaa ngano, anatabasamu kama mtu aliyechelewa kidogo tu. Tufaha hakuogopa. Alisogea kumpisha, akaendelea kupiga.

Alipozinduka, bokoboko ilikuwa laini kama malai ya maziwa.

Akaipeleka sebuleni, asali ikimeremeta katikati. Mzee Hamoud alikuwa ameketi mwenyewe, yeye ambaye asubuhi aliinuliwa na watu. Akamega tonge, akala. Akamega jingine. Tufaha alishindwa kuvumilia uwongo wake.

"Baba, nisamehe. Hiyo harufu ni ya kifuniko. Ndani hamna samli."

"Harufu gani, mwanangu?" Mzee alitazama vidole vyake. "Pua yangu imekufa tangu siku niliyoanguka. Kila mlichonipa kilikuwa majivu. Nikasema, hii ndiyo safari yenyewe, nisiwasumbue."

Tufaha akakaa chini. Siku tisa walikuwa wanamgombeza mtu aliyekuwa anawaaga!

"Sasa umekulaje?"

"Nimeusikia mwiko." Machozi yalimtoka mzee bila kificho. "Mwaka tuliooana mimi na mama yako hatukuwa na samli hata ya kuonja. Alikuwa akipiga hivi hivi, tangu adhuhuri, mimi nimelala hapa namsikiliza. Tulipoipata samli hakuwa na haja tena ya kupiga sana. Miaka arobaini nakula vinono, na sikuwahi kumwambia kwamba ule mlio niliukosa."

Akafuta bakuli kwa kidole, akalamba.

"Ijumaa ijayo usihangaike na kifuniko," alisema. "Niachie mlango wa jikoni wazi."