Ombi la Baba Vailet

Leonia hakuwa na uhakika kama alilisikia ombi lile au aliliota.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, na jumuiya ya sala ilikuwa imekaa kwenye ua wa Mama Amedeus, Nangara. Ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka kwenye migomba, na waliokaa mbele walionekana nusu nusu: mabega, kofia, kitenge bila mwenyewe. Tangu Mei hadi mwisho wa Agosti Leonia alikuwa akilisha mashine ya Baba Vailet ya kukamua alizeti, kule Maisaka. Mashine ilikuwa imezimwa wiki mbili, lakini ngurumo yake ilikuwa bado masikioni mwake. Wakati wa maombi alifumba macho. Ndani ya ngurumo ikaja sauti ya Baba Vailet, laini, kana kwamba inatoka chini ya maji:

"Ee Bwana, umjalie uvumilivu mfanyakazi wangu Leonia. Unijalie na mimi nimlipe miezi yake minne."

Watu wakaitikia. Alipofumbua macho walikuwa wanaimba.

Hivyo akasubiri. Ikiwa mtu ameomba mbele ya Mungu, utamdai vipi tena? Shilingi laki sita zilipaswa kulipwa tarehe 31 Agosti. Mwenye shamba la Sigino, ambalo Leonia alitaka kulikodi apande mahindi na mbaazi, alimpa mpaka mvua ya kwanza. Septemba ikaisha. Oktoba ikakaribia kuisha.

Tarehe 27 alikwenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Karani alihesabu kwa kalamu kwenye kalenda.

"Madai ya mshahara ni ndani ya siku sitini. Leo ni ya hamsini na saba. Una mkataba?"

"Sina."

"Jaza fomu. Nakala mpelekee mwajiri, asaini kuwa amepokea, halafu uirudishe hapa. Mkataba wa maandishi ulikuwa wajibu wake, si wako."

Baba Vailet alimsainia Leonia huku akicheka.

"Mama Joyness, fomu tena? Si ulikuja kunisaidia kama ndugu? Nani kakwambia nilikuajiri?"

Fomu ilipokelewa siku ya hamsini na tisa. Jioni Leonia alimkuta Mama Amedeus anapepeta mbaazi.

"Mama Amedeus, ile siku ya ukungu Baba Vailet aliomba nini?"

"Kwani ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilisinzia."

"Ulikoroma! Aliomba akulipe miezi minne. 'Mfanyakazi wangu,' ndivyo alivyosema. Niliitikia kuliko wote, maana una deni langu la sukari."

"Utaapa hivyo?"

"Nimeshaitikia mbele ya Mungu, sembuse mbele ya karani."

Siku ya usuluhishi, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Kwaraa bila kushuka. Feni ilizunguka taratibu, na Leonia akaisikia tena mashine.

"Mimi sihukumu," alisema msuluhishi. "Nawasaidia mkubaliane. Mkishindwa, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na huko mashahidi wanaapa."

"Shahidi hana," alisema Baba Vailet.

"Ninao kumi na wanane," alisema Leonia. "Waliitikia." Akalirudia ombi neno kwa neno.

Baba Vailet alitazama dirishani.

"Ile ilikuwa sala."

"Ndiyo, baba. Ulichomwambia Mungu kilikuwa kweli au si kweli?"

Msuluhishi hakuinua kichwa, akaongeza tu kwamba pasipo mkataba wa maandishi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi.

"Nitalipa kwa awamu mbili," alisema Baba Vailet hatimaye. "Laki tatu Ijumaa, zilizobaki katikati ya Desemba."

Wakasaini. Msuluhishi aliwaeleza kwamba makubaliano yale yanatekelezwa kama amri ya mahakama. Ijumaa zile laki tatu zilifika, na kabla ya saa kumi Leonia alikuwa Sigino, akilipia shamba lenye udongo mkavu.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito tena kwenye ua wa Mama Amedeus. Sauti ya Baba Vailet ikatoka humo, laini kama siku ile, ikiomba mvua.

Leonia aliitikia pamoja na wengine. Safari hii hakufumba macho.