Mke Mwenza wa Balbaara

Ardhi ya Aldan, kaskazini ya mbali, haimpokei mtu kwa hiari. Wakati wa baridi huganda hata sururu ikadunda, na anayetaka kuzika sharti awashe moto juu yake, angoje, akwangue udongo uliolainika, kisha awashe tena. Suoder alikuwa ghalani ndani ya jeneza, na mkewe Balbaara hakuwa na nguvu hata za kulia. Alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe, atulie mahali pamoja.

Maana Suoder alikuwa mtu wa kwenda. Kila barafu ikiyeyuka alibeba beseni lake la kuchekechea mchanga, akapotelea mitoni kutafuta dhahabu. "Mwaka huu tu, mke wangu," alikuwa akisema. Balbaara alikata nyasi za ng'ombe peke yake, akazaa peke yake, akazeeka peke yake. Mtaka cha mvunguni huinama, ni kweli. Suoder aliinama maisha yake yote akaambulia kibyongo.

Mchana ule shemeji yake, Mikiite, aliingia jikoni uso umejaa masizi, beseni la marehemu mkononi. Jirani yao Joguor, aliyekuwa akichimba naye kaburi, alibaki mlangoni.

"Shemeji, hebu tazama."

Ndani ya maji zilitulia punje za njano. Nyingi.

"Mmezitoa wapi?"

"Kaburini."

Balbaara alicheka, kicheko kibaya cha kukwaruza koo. "Nyuma ya nyumba yangu! Mwanamume kazunguka mito yote, kumbe dhahabu alikuwa anaikojolea!"

"Basi tumlaze hapo hapo, mama," Joguor akasema. "Si kaipata?"

"Kaipata nini? Na wewe utanyamaza mpaka lini, Joguor? Mpaka chupa ya kwanza! Watakuja wachimba dhahabu na mitambo yao wamfukue. Hata akifa asitulie? Chimbeni kwingine, kule karibu na zizi."

Mikiite alijibwaga kwenye benchi. "Shemeji, kuni zimekwisha, mikono imechubuka. Na unajua mwenyewe, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Litaita mwingine wa nyumba hii."

Hilo Balbaara aliliamini, kama walivyoliamini wote. Akachukua beseni, akatoka nalo hadi kaburini, akalitupa shimoni na dhahabu yake yote.

"Haya, si tupu tena. Huyo ndiye mke mwenzangu. Kalala na mume wangu zaidi kuliko mimi. Mfukieni!"

Joguor alimeza mate, lakini akashika koleo.

Karibu na zizi Balbaara aliwasha moto mwenyewe, kwa mbao za ua uliooza. Aliulisha kwanza kipande cha mkate chenye siagi, kama mila yao ilivyotaka. Magoti yalimuuma, macho yakamwasha kwa moshi, na uchovu wa miaka yote ukamshukia mara moja.

"Nenda kalale, shemeji," Mikiite akamwambia. "Kazi hii haiishi leo."

"Nitalala."

Lakini hakuondoka. Aliitazama theluji ikiyeyuka taratibu, na udongo mweusi ukijitokeza. Tangu aolewe, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kujua mumewe atakuwa wapi barafu ya mto itakapovunjika.