Chumvi ya Elisha

Mfuko wa chumvi ya mawe ulikuwa chini ya kiti cha Mama Julienne, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, naye ameuegemeza kisigino usianguke. Mkutano ukiisha wangeshuka nao bondeni kuomba, kama kila Jumamosi. Lakini kwanza mkutano.

Bonde lile, nyuma ya kilima cha Bluff, lilikuwa la ukoo wa Shozi tangu zamani. Walikuwa wamerudishiwa msitu wao na kinamasi chake, na sasa pamekuwa hifadhi, wanaitunza wenyewe. Kwa hiyo waliwaita wote wanaopita mle, wenyeji na wageni, waje watoe maoni: nani aingie, nani asiingie, wapi pafungwe. Siku Mama Julienne aliposomewa kibao cha tangazo, pale pale njiani, aliomba asomewe tena.

Maana tangu mumewe, Léonard, alipofariki, hakuwa na mahali pa kulilia. Kule mtaani kwao, Greyville, wanakaa familia kadhaa katika fleti moja, wamegawana kwa mapazia. Ukipiga chafya, wa upande wa pili anakuombea afya. Akilia kidogo tu, ukuta unagongwa, ngo ngo ngo. Bondeni ndiko alikoweza kufungua kinywa, kando ya chemchemi, akamlilia Mungu wake mpaka sauti ikamkauka. Wakipafunga, moyo wake ataupeleka wapi?

"Usiogope, Mama," Pasta Ephraim alimnong'oneza. Huyu ndiye aliyeongoza kikundi chao cha maombi. Siku za kazi alikuwa fundi wa simu. "Sisi hatukati miti, hatutegi wanyama. Tunaomba tu. Nani atakataza maombi?"

Mama Julienne akarudia moyoni maneno aliyokuwa amejiandalia: *Tafadhali, msitufungie.*

Akasimama bibi wa ukoo, wote wakimwita Gogo, yaani nyanya, mwembamba, koti la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alisema Kizulu, na Nyanchama, binti wa Kikenya aliyesomea mambo ya maji, akawatafsiria kina Mama Julienne, Wakongo waliokaa nyuma.

"Gogo anasema vyura wamekufa."

Picha ikatokea ukutani. Ukumbi mzima uliguna. Vyura walielea matumbo juu, weupe, na majani ya ukingoni yalikuwa ya kahawia kama yaliyounguzwa na moto. Mama Julienne aliijua chemchemi ile. Alikuwa ameona majani yakigeuka rangi, akadhani ni jua.

"Anasema, wakizika mtu wao, ni kwenye chemchemi hiyo wanachota maji ya kunawa mikono. Sasa hayafai."

"Ni viwanda!" mtu alipiga kelele.

"Viwanda vya kule Jacobs!"

Pasta Ephraim naye akaruka juu. "Kweli kabisa! Moshi yao inatukohoza sisi, sasa inaua hata chura! Chura amemkosea nani?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Julienne naye akapiga.

"Hata mimi nilidhani ni viwanda," Nyanchama alisema. "Nimeyapima maji, nikarudia kupima. Hakuna mafuta, hakuna kemikali ya kiwandani. Ni chumvi. Chumvi hii ya kupikia. Kuna mtu anaimwaga pale."

"Eish! Chumvi?" mzee mmoja aliuliza. "Nani anakitia kinamasi chumvi? Anataka kukila?"

Wakacheka tena. Mama Julienne alitaka kucheka nao, lakini midomo haikutii. Kisigino chake kilikuwa kimegusa ule mfuko, nao ukalia *kwaruzu*, akaona kama ukumbi wote umesikia.

Ilikuwa ni Elisha. Ni maandiko. Watu wa Yeriko walimwambia nabii maji yao ni mabaya, naye akatupa chumvi ndani ya chemchemi, akasema Bwana ameyaponya. Pasta aliwasomea sura hiyo siku ya kwanza pale bondeni. "Maji ya pori iko na mapepo," alisema, "tuyaponye kwanza, ndipo tuombe." Nao wakayaponya. Kila Jumamosi wakayaponya. Chumvi aliileta Mama Julienne mwenyewe, kwa hiari yake, na kuimwaga aliimwaga kwa mikono yake, akiimba.

Alimgeukia Pasta. Uso wa mtu yule ulikuwa kama majivu.

"Maman," alinong'ona, "usisogeze mguu. Tunyamaze. Unajua hapa mgeni akikosa ni nini inamupata. Na watatufungia, utalilia wapi?"

Ni kweli, alijua. Alikwisha kuona maduka ya wageni wenzao yakivunjwa. Lakini macho yake yalirudi ukutani, kwa wale vyura weupe, na kwa mara ya kwanza akakumbuka kwamba bondeni vyura hao walikuwa wakiimba. Siku za mwanzo walimpokea kwa kelele, mpaka akalazimika kuomba kwa sauti zaidi. Ni lini walinyamaza? Alikuwa akilia, hakusikia.

Akainama. Akauchukua mfuko, akatembea nao mpaka mbele, akauweka mezani.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni sisi," Mama Julienne alisema. "Tuliona tunaponya."

Nyanchama akatafsiri. Gogo aliufungua mfuko, akaonja kwa ncha ya kidole, akamgeukia mjane yule, akasema naye.

"Anasema anakufahamu," Nyanchama alisema polepole. "Alikuona ukimwaga kitu cheupe. Alishuka na fimbo akufukuze, akakukuta unalia. Anasema kwao anayewalilia wafu wake hakatizwi. Akadhani hiyo ni dawa ya matanga ya kwenu, akarudi. Akaja tena, ukawa unalia tena. Anasema..." akasita, "anasema, huyo mume alikuwa mzuri kiasi gani?"

Mama Julienne alishikilia meza. Basi ni kilio chake. Kilio chake kilisimama mlangoni kikamzuia mwenye nyumba, na vyura wakafa nyuma yake.

"Anauliza ulikuja kutoa maoni gani."

Yale maneno aliyojiandalia yalikuwa bado mdomoni. Akayameza.

"Pafungeni," alisema. "Hata sisi tusiingie. Mpaka vyura walie."

Nyuma, Pasta Ephraim alitoa mguno kama aliyekanyagwa. Gogo akatikisa kichwa, akauliza neno fupi.

"Na wewe utalilia wapi?" Nyanchama alitafsiri.

Alifungua kinywa aseme hajui, na kilichotoka si neno. Alilia pale pale mbele za watu, kwa sauti ile ya bondeni, kichwa kimeinuka. Wenye hasira walikaa. Yule mzee akavua kofia. Hakuna aliyemkatiza, wala hakuna aliyegonga ukuta.

Pasta Ephraim alikuja mbele, akauondoa ule mfuko mezani. Akabaki ameukumbatia kifuani, hajui auweke wapi.